MUUGUZI MZOEFU AKIONDOKA, NANI ATAMFUNDISHA KIJANA?

Ndugu wafanyakazi,

Mimi ni mtu wa reli, na huenda mwingine akauliza mambo ya wauguzi yananihusu nini. Naomba mnisikilize kidogo.

Kwetu ni Mikinduri. Treni haikufika huko. Reli iliishia Nanyuki, na sisi watu wa Meru tumezoea kumalizia safari kwa matatu. Miaka michache iliyopita nilifika likizo nikamkuta mke wangu ana uchungu, tukampeleka usiku ule ule katika hospitali moja ya upande wetu. Mtoto alizaliwa salama, lakini baadaye damu haikukoma. Muuguzi kijana alikuwa bado anaandika karatasi zake. Ndipo mama mmoja muuguzi, mwenye zaidi ya miaka ishirini kazini, alipopita mlangoni. Akatazama uso wa mke wangu, akaingia mbio. Akasugua tumbo kwa nguvu, akaagiza sindano, kisha akaushika mkono wa yule kijana akauweka pale. "Umesikia lilivyokuwa gumu? Likilegea tena, niite."

Mke wangu yu hai. Na yule kijana alipata somo ambalo chuo hakikumpa.

Mwaka uliofuata nilimwulizia yule mama nikaambiwa amekwenda Uingereza. Serikali yetu ilitia sahihi mapatano na Uingereza mwezi wa Julai 2021, na tuliambiwa ni kwa ajili ya wauguzi wasio na kazi. Vema, lakini mwajiri yeyote mwenye akili akipewa nafasi ya kuchagua atamchukua aliyekomaa. Mimi simlaumu mama yule. Miaka mingi alikaa daraja moja bila kupandishwa, akipangiwa zamu za usiku kama msichana aliyetoka chuo jana.

Wako wanaosema, mmoja akienda, wataandikwa vijana wawili kwa mshahara ule ule. Hiyo ni hesabu ya karani. Katika gengi letu yuko nyapara anayegonga reli kwa nyundo akajua kwa sauti kwamba bolti imelegea. Mkiweka wanagenzi wawili mahali pake mtapata nyundo mbili, basi.

Tena hata hao vijana hawashikwi vizuri. Mwaka 2020 Serikali iliandika maelfu ya watumishi wa afya kwa mkataba wa miaka mitatu, na mwaka 2025 walikuwa bado wanaandamana Nairobi wakidai kazi ya kudumu. Mtu asiyejua kama atakuwepo mwakani atapataje kuwa mzoefu?

Wapandishwe madaraja kwa wakati. Anayewafundisha wenzake wodini alipwe kwa kazi hiyo, maana ni kazi. Aliyezeeka kazini apunguziwe zamu za usiku.

Nina neno moja la aibu. Wauguzi walipogoma kuanzia Juni 2017 mpaka Novemba, karibu siku 150, sisi wenye vyama vyetu tulinung'unika tu kwamba wagonjwa wanateseka. Nami nilikuwa miongoni mwao. Sikuuliza hata mara moja walikuwa wanadai nini.

Kwa hiyo katika mkutano ujao wa tawi nitaomba tuwaandikie barua wauguzi, tuwaulize wanahitaji tuwasaidie kwa njia gani. Mwenye kupinga aje anipinge pale pale.

Mfanyakazi wa Reli, mtu wa Mikinduri