Kombi Huchaguliwa Kidato cha Pili, Si cha Nne

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, vibanda vya steshenari vyenye intaneti hujaa vijana walioshika namba zao za mtihani. Wamekuja kuingia kwenye Selform, mfumo wa TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), na kubadilisha tahasusi, yaani kombi za masomo matatu ya kidato cha tano na sita, walizojaza wakiwa bado shuleni. Wazazi nyuma yao huuliza swali lilelile: PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) au PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia)? Ni swali zuri, ila mara nyingi huulizwa jibu likiwa limeshatoka kitambo.

Kwa miaka mingi, mwanafunzi wa kidato cha tatu Tanzania Bara amelazimika kusoma masomo saba: Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, Biolojia, Uraia, Historia na Jiografia. Fizikia na Kemia huachwa mwishoni mwa kidato cha pili na anayetaka kuziacha. Binti wa miaka 15 huacha Fizikia kwa sababu mwalimu ni mkali, au kwa sababu mwalimu hayupo kabisa, au kwa kuwa shoga yake ameiacha. Siku hiyo ameaga udaktari na uhandisi, na hakuna mtu shuleni aliyemwambia. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeuvuta uamuzi mapema zaidi, maana sasa kuna mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na mtoto anaingia katika mmojawapo tangu kidato cha kwanza.

Hata aliyebaki na sayansi hajasalimika. Kuna mtego unaoitwa CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia. Ili apangiwe tahasusi, mwanafunzi hutakiwa asiwe na F katika masomo matatu ya kombi hiyo, na pointi zake zisizidi 10, ambapo A ni pointi 1 na D ni 4. Aliyepata D ya Fizikia huku Kemia, Biolojia na Jiografia zikiwa nzuri anaweza kupelekwa CBG, na huenda akiwa na furaha. Anaona Kemia na Biolojia zimo, anadhani ni PCB iliyobadilishwa somo moja tu. Miaka miwili ya kukesha baadaye anagundua kuwa shahada ya udaktari inataka Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu katika kidato cha sita. Kwa alama zake nzuri ataelekezwa kwenye kilimo, mazingira au ualimu. Ni fani za heshima. Tatizo ni kwamba hakuzichagua.

PCB nayo ina kuta zake. Anayeisoma hufanya BAM, yaani Hisabati tumizi ya msingi, lakini BAM ni somo dogo na haihesabiwi kama ufaulu wa somo kuu. Akibadili mawazo na kutaka uhandisi wa umeme au wa ujenzi, atakuta vyuo vinadai Fizikia pamoja na Hisabati ya Juu.

Machi 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49 na kufanya jumla kuwa 65, kutoka 16 za awali. Kichina, Kiarabu, muziki, michezo na elimu ya dini vimepata nafasi. Hatua hiyo inastahili pongezi. Hata hivyo, tahasusi ya kwenye orodha si tahasusi ya darasani. Mwanafunzi anapojaza fomu huona jina la shule na herufi tatu. Haoni kama Hisabati ya Juu ina mwalimu, wala kama maabara ina kemikali za kufanyia mitihani ya vitendo. Hayo huyajua Julai, akiwa ameshabeba sanduku na godoro.

Shinikizo la sayansi nalo linapotosha. Ufadhili wa masomo wa Samia ulioanza mwaka 2022 huwalenga wanafunzi bora wa sayansi, na nyumbani HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) bado hutajwa kama adhabu. Wakati huohuo, katika mtihani wa kidato cha nne wa 2023 ni takribani robo tu ya watahiniwa waliofaulu Hisabati. Kumsukuma PCM mtoto aliyefaulu Hisabati kwa D ni kumtafutia sifuri ya kidato cha sita, wakati HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) ingempeleka kwenye sheria bila jasho la bure.

Kenya imeonyesha jinsi jambo hili linavyowagusa wazazi. Ilipoandaa sekondari ya juu yenye njia tatu, yaani sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, na sanaa na michezo, Hisabati iliachwa iwe ya hiari kwa baadhi ya wanafunzi. Wazazi walipiga kelele, na mwaka 2025 Wizara ya Elimu ikairudisha kwa wote, nzito kwa wa sayansi na nyepesi kwa wengine.

Tanzania haihitaji tahasusi ya 66. Inahitaji mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ufunguliwe mbele ya darasa la kidato cha pili, na mwalimu wa unasihi apewe vipindi vya kufanya kazi hiyo badala ya kubebeshwa cheo tu. TAMISEMI nayo iweke kwenye Selform, pembeni ya kila kombi, idadi ya walimu wa masomo yake katika shule husika. Na mzazi mwenye mtoto kidato cha kwanza au cha pili asisubiri matokeo. Aende shuleni muhula huu, aulize Fizikia inafundishwa na nani.