Uza Ua, Usiuze Mzizi



Juu ya meza yangu ya kazi kuna kopo tupu la maziwa. Ndani ya kopo hilo kuna maua ya manjano. Niliyaweka humo mwaka jana. Sikuyatia maji hata tone moja. Mpaka leo bado ni ya manjano. Kilichoongezeka ni vumbi tu.

Wewe unayekaa nyanda za juu unalijua ua hili. Labda unalikanyaga kila siku ukienda kukata kuni. Ni kichaka kifupi, hakifiki kiunoni. Majani yake yana manyoya laini ya rangi ya majivu. Ukiyafikicha yananukia. Maua yake ni madogo madogo na yamekaa kwa vishada. Kila ua limezungukwa na vigamba vikavu kama karatasi. Vigamba hivyo vilikuwa vikavu tangu mwanzo, ndiyo maana ua halinyauki. Ni vigumu kitu kikavu kukauka mara ya pili.

Kila kabila lina jina lake kwa ua hili. Mimi hapa nitaliita ua lisilonyauka. Wataalamu huuita ukoo wake Helichrysum. Neno hilo ni gumu, lakini usiliogope. Lisome polepole. Limetokana na maneno mawili ya Kigiriki: jua na dhahabu. Aliyetunga jina hilo alikuwa amelitazama vizuri. Ua lina rangi ya dhahabu, na bila jua haliwezi kuishi.

Sasa nitakueleza kwa nini nimeshika kalamu.

Siku moja ya gulio nilimwona mama mmoja ameketi kando ya barabara. Mbele yake alikuwa amepanga mafungu ya maua hayo. Watu walinunua, wengine kwa kupamba nyumba, wengine kwa kupeleka makaburini. Fungu moja lilikuwa shilingi 500. Nilichukua fungu mkononi nikaligeuza. Chini kulikuwa na mizizi, na kwenye mizizi kulikuwa na udongo mbichi. Mama alikuwa ameling'oa lote.

Nikamwuliza, "Shikamoo mama. Mbona umeng'oa na mizizi?"

Akajibu, "Marahaba mwanangu. Kukata kunachelewesha. Na kule mlimani yako mengi."

Sikubishana naye, kwa kuwa nilikuwa nimelisikia jibu hilo zamani juu ya ua jingine.

Wengi wetu tunaijua Kitulo, ule uwanda wa juu uliopo Makete na Mbeya, ambao watu huuita Bustani ya Mungu. Mvua zikinyesha, uwanda mzima huchanua. Huko kuna maua yaitwayo okidi ambayo chini ya udongo yana viazi vidogo. Kule Zambia viazi hivyo hutwangwa, vikachanganywa na karanga zilizotwangwa, vikapikwa chakula kiitwacho chikanda. Ni chakula kinachopendwa sana. Okidi za kwao zilipopungua, wachuuzi walivuka mpaka wakaja kwetu. Watu wa huku wakachimba. Nao walisema, yako mengi. Lakini okidi ukishachimba kiazi chake, umeiua. Mwaka ujao hakuna ua, na hakuna mbegu. Mwaka 2005 Kitulo ikawa Hifadhi ya Taifa, na sababu kubwa ilikuwa kuyalinda maua. Leo ndani ya hifadhi huruhusiwi kuchuma wala kung'oa mmea wowote.

Mimi naiunga mkono hifadhi. Lakini nasema wazi kwamba sisi watumishi tuna kosa letu. Tumezoea kuja kijijini na neno "usi". Usikate. Usichome. Usichimbe. Yule mama ana watoto na anahitaji chumvi. Ukimwambia "usi" peke yake, atakuitikia kwa heshima, kisha kesho alfajiri atapanda mlima. Tulitakiwa tumwonyeshe pia namna ya kulipanda ua hilo nyumbani kwake.

Linapandika. Hilo ndilo neno langu kubwa leo. Ua lisilonyauka linapandika uani kwako, na ukiwa nalo uani huna haja ya kuupanda mlima.

Mimi si bwana shamba. Nina cheti cha ualimu wa watu wazima, basi. Niliyojifunza juu ya kupanda nilijifunza kwa kukosea, na heri nikueleze kosa langu ili wewe usilirudie.

Mara ya kwanza nilikata vitawi 30. Nilivipanda nyuma ya darasa, karibu na pipa la maji, mahali penye kivuli kizuri. Nikatia samadi nyingi. Nikamwagilia asubuhi na jioni kama mchicha. Wanakisomo walinisifu kwa bidii yangu. Baada ya wiki chache vitawi 26 vilikuwa vimeoza. Vile 4 vilivyobaki virefuka na kuwa vyembamba, vikilitafuta jua.

Kosa lilikuwa hili: nililitunza ua la mlimani kama mboga ya bondeni. Fikiri linakoota lenyewe. Huota kwenye miteremko, kwenye kingo za barabara, penye kokoto na upepo, na mara nyingi kwenye udongo usio na rutuba. Maji hupita hapo, hayakai. Jua hupiga tangu asubuhi hadi jioni. Basi nawe ulitafutie mahali kama hapo.

Mara ya pili nilifanya hivi. Nilichagua vitawi ambavyo havijatoa maua, urefu wa kidole cha kati. Nilikata kwa kisu kikali, bila kuvuta. Nikaondoa majani ya chini, maana jani likifukiwa huoza. Nikachanganya udongo nusu na mchanga nusu katika makopo yaliyotobolewa chini. Nikachomeka vitawi humo. Nikaviweka kwenye kivuli chepesi, nikawa natia maji kidogo, pale tu udongo ulipoanza kukauka. Baada ya kama mwezi mmoja nilivuta kitawi kimoja taratibu. Kikagoma kutoka. Hapo nikajua kimeshika mizizi.

Kisha nikaanza kuyasogeza makopo juani kidogo kidogo. Mvua za kwanza zilipoanza nikapandikiza kwenye ukingo wa udongo ulio juu ya njia ya shule, hatua moja fupi kati ya mche na mche. Samadi sikutia. Vingi vilipona. Na kuna faida ambayo sikuitegemea. Vichaka vilipokua na kukutana, ukingo ule ulipungua kumomonyoka.

Unaweza pia kutumia mbegu, lakini ni ndogo mno na zina manyoya, upepo huzichukua. Ukitumia mbegu usizifukie. Zinyunyize juu ya mchanga wenye unyevu, zikandamize kwa kiganja, basi. Mimi napenda vitawi.

Kuvuna ni rahisi kuliko kupanda. Kata mabua asubuhi, umande ukishakauka, siku ambayo maua ndiyo yanaanza kufunguka. Ukingoja yafunguke kabisa, yatapukutika yakikauka. Ondoa majani ya chini, funga mafungu madogo, yaning'inize vichwa chini mahali penye kivuli na hewa. Barazani panafaa. Jikoni hapafai, moshi utayatia weusi. Juani pia usianike, rangi itafifia. Kisha rudi kwenye kichaka ukikate kidogo ili kichipue upya.

Wakulima wa pareto wataniambia kwamba hili si jambo jipya kwao. Ni kweli. Pareto, alizeti na ua hili ni ukoo mmoja. Mwenye pareto huchuma maua, huyakausha, huyauza, na baada ya majuma machache huchuma tena. Hajawahi kung'oa shina apeleke gulioni. Ningefurahi tukilitendea ua lisilonyauka vivyo hivyo.

Katika darasa letu yuko mzee mmoja ambaye hapendi maneno mengi. Nilipomaliza kueleza haya alisema, "Mwalimu, ua haliliwi." Watu wakacheka. Lakini mzee ana haki, angalau nusu. Mtu asing'oe mahindi wala viazi apande maua. Soko la maua ni dogo, na siku ya njaa huwezi kuchemsha fungu la maua. Ninachosema ni kutumia ile sehemu isiyokupa kitu: ukingo wa njia, kichwa cha tuta la kontua, upande wa ua wenye kokoto ambapo hata kunde hukataa. Hapo haligombanii nafasi na chakula. Na nyuki huyatembelea maua hayo. Mwenye mzinga ataona.

Matumizi yake mengine ni mengi. Huko Afrika Kusini kuna aina moja yenye harufu kali, ambayo Wazulu huiita imphepho. Huikausha na kuichoma kama ubani wanapozungumza na wahenga wao. Huuzwa kwa mafungu masokoni, hata katika mji mkubwa wa Durban. Waganga wa huko hawakosi kuwa nayo. Na watu wa Rasi ya kusini walikuwa wakitandika vichaka vyake kama godoro, kwa sababu ni laini, na wadudu hawapendi harufu yake. Aina hiyo hiyo hupatikana pia katika milima ya Afrika Mashariki. Wasomaji wa Songea mtakumbuka kwamba wazee wa Wangoni walitoka pande hizo za kusini, wakauvuka mto Zambezi mwaka 1835. Waulizeni bibi zenu kama walisikia habari za ubani huo.

Unaweza kuweka mabua makavu ndani ya sanduku la nguo. Nguo zitanukia vizuri. Lakini usiache chandarua kwa sababu umepata majani yenye harufu.

Hapa nasimama kidogo, maana liko jambo linalonitia hofu. Watu wengi hufukiza majani haya kwa mafua na kikohozi. Mtu mzima mwenye mafua akijifukiza, sina ugomvi naye. Lakini mtoto mchanga asiwekwe kwenye moshi. Mtoto anayekohoa, anayepumua haraka haraka, ambaye mbavu zake zinaingia ndani akivuta pumzi, huyo huenda ana nimonia. Moshi utamzidishia. Mbebe, nenda zahanati siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na chai yake usinywe ovyo. Ukoo huu una mamia ya aina, na zote hazifanani. Kusini mwa Afrika iko aina moja ambayo ng'ombe na kondoo wakiila hupofuka na kupooza. Kwa macho tu, mimi na wewe hatuwezi kuzitenga aina zote hizo.

La mwisho ni juu ya wageni wenye mikoba. Kuna mafuta ya bei kubwa sana yanayosifiwa Ulaya, yanayotokana na ua la ukoo huu. Lakini ua hilo ni la nchi za Bahari ya Mediterania, kama kisiwa cha Corsica. Si hili letu. Na kupata chupa ndogo ya mafuta hayo huhitaji marundo ya maua na mtambo wa kukamulia kwa mvuke. Akija mtu akakwambia, "Nipe fedha nikuletee miche, utakuwa tajiri," mwombe mkataba ulioandikwa. Usome mwenyewe, mstari kwa mstari. Sasa unaweza. Kama hataki usome, mwonyeshe njia aliyojia.

Narudi kwa yule mama wa gulioni. Nilimpelekea makopo 10 yenye vitawi vilivyoshika mizizi. Aliyatazama akaniuliza, "Nikipanda haya leo, nitauza lini?" Nikamwambia ukweli: si msimu huu, labda ujao. Alinyamaza. Kisha akayachukua yote 10, akaomba na mfuko wa mchanga.

Mlimani bado anakwenda. Gulio lililopita nililigeuza tena fungu lake kuangalia. Chini mabua yalikuwa yamekatwa kwa kisu. Bei imekuwa shilingi 700. Nilipomwuliza mbona amepandisha, alisema kukata kunachelewesha, na ucheleweshaji huo sharti ulipwe.

Nililipa.