Bure si huru, na "Linux haina D" si jibu

Nimepotea kidogo kwa sababu ya majaribio, lakini leo imebidi niandike kabla hasira haijapoa.

Juzi jioni dada mmoja wa mwaka wa kwanza kanifuata maktaba, laptopu kaikumbatia kama mtoto mgonjwa. "Kaka samahani, eti D yangu imeenda wapi?" Mashine yenyewe ni ya zamani, Windows 11 haiikubali, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Basi jamaa mmoja wa hapa hapa hosteli akamwekea Linux. Kazi nzuri, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu unaanzia pale dada alipomuuliza mafaili ya D yako wapi. Jamaa akajibu: "Linux haina D." Akaenda zake kuangalia mpira.

Dada wa watu akaelewa kile ambacho yeyote angeelewa: vimefutwa. Kalia siku mbili. Kazi ya semina iliyokuwa humo hakuikusanya, alama zimekwenda. Mimi nilifungua dirisha la mafaili, nikaona upande wa kushoto alama ya diski na ukubwa wake kwa gigabaiti. Nikabofya. Vyote hivyo hapo, mpaka picha za mahafali ya kidato cha sita.

Kinachoniudhi ni kwamba jamaa alisema kweli. Linux haina D. Lakini ukweli wa namna hiyo kwa mtu mgeni ni sawa na uongo.

Hebu tuliweke sawa. Herufi ni mtindo wa Windows uliorithiwa toka enzi za DOS: A na B zilikuwa za disketi, diski kuu ikapewa C, kinachofuata D. Kila sehemu ni kama nyumba inayojitegemea. Linux ni nyumba moja ya Uswahilini: mlango wa mbele mmoja, ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia. Mlango wa mbele unaandikwa kwa mkwaju tu, /. Chumba chako kiko ndani ya /home. Ukichomeka flashi, haiji na nyumba yake, inapachikwa kama chumba kwenye ukumbi ule ule, mara nyingi chini ya /media. Ile D ya dada ilikuwa chumba ambacho hakuna aliyekifungua mlango. Chumba kilichofungwa hakijabomolewa! Maneno haya yanachukua dakika mbili kuyasema.

Na ukishaelewa kupachika, unaelewa pia kwa nini tunakwambia uipachue flashi kabla ya kuichomoa. Unaponakili, sehemu ya kazi inaweza kuwa bado inasubiri kwenye kumbukumbu ya mashine wakati wewe unaona imekwisha. Chomoa kwa haraka, halafu ufike stesheneri ukute faili halifunguki.

Halafu kuna hili neno bure. Jamani! Waingereza wana shida ya kweli, neno lao free linabeba maana mbili kwa mpigo. Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983, na miaka yote hii amelazimika kurudia kwamba anazungumzia uhuru, si bei. Sisi tuna maneno mawili tayari, bure na huru, lakini tumeenda kuazima mkanganyiko wa watu na kuuleta nyumbani. Tunawaambia wageni "hii ni programu ya bure", na kwa Kiswahili bure ina mkia mbaya: mtu bure, kazi bure. Mtu anadhani amepewa makombo kwa kuwa hana hela ya kitu halisi. Mwaka 2019 IBM iliinunua Red Hat, kampuni iliyojengwa juu ya Linux, kwa dola bilioni 34. Wateja wa pale wanalipia huduma, na programu inabaki huru: itumie kwa kazi yoyote, soma msimbo wake, ubadilishe, mgawie mwenzako. WhatsApp kwa upande wake hulipii kitu kuitumia, lakini msimbo wake hupewi. Ile ni bure bila kuwa huru. Mwambieni mgeni hivyo.

Hili la Linux ni nini sitalirefusha. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, miaka 21, alipotangaza kazi yake mwaka 1991, na alichoandika ni kiini tu, yaani injini. Ubuntu, Fedora na Debian ni magari yenye bodi tofauti juu ya injini hiyo. Simu ya Android mfukoni mwako nayo inaendeshwa na kiini hicho hicho.

Kuna dhambi moja na mimi nimeitenda. Faili likigoma kufunguka, tunamwambia mtu "piga chmod 777" tukionekana mafundi. Tarakimu ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ya kundi lake, ya tatu ya watu wengine wote. Kusoma ni 4, kuandika 2, kuendesha 1, jumla 7. Kwa hiyo 777 maana yake yeyote anayetumia mashine ile anaweza kubadili kazi yako. Kwenye kompyuta ya maabara tunayoichangia wote! Na ukiongeza sudo mbele, ukaelekeza amri kwenye / na vyote vilivyomo, unaharibu ruhusa za mfumo mzima, mpaka sudo yenyewe inagoma. Nilimfundisha hivyo mwenzangu wa chumbani mwaka jana, bila kumweleza hata tarakimu moja.

Najua mtasema, mbona sisi tulijifunza wenyewe? Kweli. Mimi nilijifunza likizo, kwa mashine ya kuchezea, na nilipofuta diski nilicheka. Huyu ana kazi ya kukusanya Ijumaa.

Jamaa nimemfuata chumbani. Kanijibu, "Lakini si nilimwambia ukweli?" Tumebishana mpaka saa sita usiku, mwishowe kanyamaza. Kesho dada anaenda kwa mwalimu wa semina kuomba akusanye kwa kuchelewa. Nimeahidi kumsindikiza, na jamaa kakubali kuja kueleza mwenyewe D ilikuwa wapi.