Arusi ya Desemba na Deni la Januari

Msomaji kijana, arusi ni jambo jema. Asiyefurahi siku ya arusi ya ndugu yake ana kasoro moyoni, na mimi si mmoja wa hao. Nimecheza ngoma katika arusi, nimekula pilau ya arusi, na katika arusi nimeona watu waliokosana kwa miaka mingi wakishikana mikono. Basi nisidhaniwe kuwa adui wa furaha. Nimpingaye ni mgeni mmoja aliyeingia katika arusi zetu bila ya kualikwa, akaketi mahali pa bwana arusi, na sasa anaamuru kila jambo lifanywalo. Mgeni huyo jina lake ni fahari ya kuazima.

Kila mkazi wa Malindi, Mambrui, Watamu, Kilifi na Kaloleni ajua kuwa Desemba ni mwezi wa arusi. Shule zimefungwa. Waliokwenda kutafuta kazi Mombasa na Nairobi wamerudi kwao. Wazee waweza kukutana na wajukuu wasiowaona mwaka mzima. Hata zamani majira haya yalikuwa majira ya wageni, maana upepo wa kaskazi, unaoshika nguvu karibu na mwezi huo, ndio uliokuwa ukiyaleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi katika bandari zetu. Sina ugomvi na Desemba. Ugomvi wangu ni juu ya yale tunayoyatenda ndani yake.

Hebu fuatana nami mpaka katika ukumbi mmoja wa arusi, mchana wa mwezi huo. Nje jua linachoma mchanga hata mtoto hawezi kuukanyaga pasipo viatu. Ndani, pamba imetandazwa mezani iwe mfano wa theluji. Tawi la mvinje limepakwa rangi nyeupe, lionekane kama mti uliosimama katika baridi ya Ulaya. Bwana arusi amevaa koti zito la sufu na kizibao ndani yake, na jasho linamtiririka mpaka ukosi umelowa. Bibi arusi ameshika maua ya plastiki, na hali nyuma ya ukumbi ule ule asumini imechanua bure wala hapana aliyeichuma. Hakuna aliyezaliwa hapa ambaye amepata kuiona theluji ikianguka katika mto Sabaki. Lakini tumeziona picha za arusi za wenzetu wa nchi za baridi, tukazipenda, kisha tukalipa fedha ili tuufiche uzuri wetu kwa uzuri wa wengine.

Huenda ukasema, "Mwalimu, kuiga si kosa." Ni kweli, kuiga si kosa, kama mtu ajua aigacho. Chukua lile gauni jeupe. Tarehe 10 Februari 1840, Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa na Albert jijini London, katikati ya majira ya baridi, naye alivaa gauni jeupe. Hakuwa bibi arusi wa kwanza kuvaa rangi hiyo, lakini heshima yake iliieneza mpaka ikafika kwetu. Basi jambo ambalo wamwigao hawaliigi ni hili: hariri ya gauni lile ilifumwa Spitalfields, London, na lesi yake ilitengenezwa na mafundi wa Honiton katika nchi ile ile. Malkia alitaka mafundi wa watu wake wapate kazi. Tungalimwiga sawasawa, bibi arusi wa Kilifi angalipambwa kwa kazi ya mikono ya Kilifi. Sisi tumeichukua rangi ya gauni, tukaiacha busara ya mvaaji.

Lakini kama jambo lenyewe lingekuwa jasho na pamba tu, nisingalishika kalamu. Kicheko kingetosha. Jambo zito ni malipo.

Desemba ni mwezi ambao kila kitu kina bei kali. Mahoteli ya Malindi na Watamu yana wageni wengi, na kumbi zinagombewa. Nauli ya basi kutoka Nairobi hupanda. Wenye magari, wenye mahema na wapiga picha wajua kuwa mteja hana nafasi ya kungoja. Basi twanunua fahari wakati ambao fahari ni ghali kupita kiasi. Tena fedha hizo aghalabu si zetu. Kamati ya arusi hukaa, daftari hufunguliwa, na kila jamaa huitwa kwa jina atamke mbele ya watu kiasi atakachotoa. Mtu ambaye mfukoni mwake mna shilingi mia tano hutamka elfu tano kwa kuogopa macho ya watu. Atazipata wapi? Atazikopa. Na wahenga walikwisha sema: kukopa arusi, kulipa matanga.

Sasa nitakueleza habari ambayo sipendi kuieleza. Mimi mwenyewe nilioa mwezi wa Desemba. Nilikuwa mwalimu kijana mwenye mshahara mdogo na majivuno makubwa. Nilitaka magari manne yaliyofungwa utepe, na nikayapata. Nilitaka keki ya ghorofa tano, nikaipata. Wakati huo dada yangu mdogo alikuwa Kidato cha Pili katika shule ya bweni. Mwezi wa Novemba baba yetu alikuwa ameuza ng'ombe wawili, na fedha zile zilikuwa karo yake. Siku chache kabla ya arusi mwenye mahema alidai salio lake. Kamati haikuwa na kitu. Baba alizitoa zile fedha za ng'ombe akasema, "Tutazirudisha kabla ya shule kufunguliwa."

Hazikurudi. Januari ilipofika, mimi nilikuwa na kitabu cha picha kilichojalidiwa kwa ngozi. Dada yangu alikuwa na sanduku lililofungwa tayari, limewekwa kando ya mlango. Sanduku lile lilikaa pale muhula mzima. Kila nilipokwenda kumwamkia mama nilipita karibu nalo. Dada yangu hakunilaumu hata siku moja, na huko kutonilaumu kwake kulinichoma kuliko tusi. Aliporudi shuleni muhula wa pili, wenzake walikuwa mbali katika hesabu, na hakuwafikia tena katika somo hilo mpaka mtihani wa mwisho. Keki ile ya ghorofa tano sikumbuki ladha yake.

Usifikiri kuwa kisa hiki ni changu peke yangu. Nawafundisha watu watakaokuwa walimu. Warudipo kutoka mazoezi ya kufundisha, hunieleza habari za madawati matupu katika majuma ya kwanza ya Januari. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2008 Serikali ya Kenya imekuwa ikisaidia kulipia masomo katika shule za upili za kutwa. Lakini gharama ya bweni, sare na chakula humwangukia mzazi. Sisemi kuwa kila dawati tupu limeachwa kwa sababu ya arusi, maana ukame na maradhi na ukosefu wa kazi vina sehemu yao. Nasema kwamba ukame hatuwezi kuuzuia, lakini arusi twaipanga wenyewe, kwa akili zetu timamu, juu ya karatasi.

Wala kosa hili si geni katika pwani yetu. Mwanachuoni mmoja, David Parkin, aliyekaa na Wagiriama katika miaka ya 1960, alitoa kitabu mwaka 1972 juu ya maisha yao, kiitwacho "Palms, Wine, and Witnesses". Alieleza jinsi watu walivyouza minazi na ardhi yao ili wapate mahari na gharama za matanga, na jinsi wachache wenye kuona mbali walivyoinunua minazi hiyo wakatajirika. Fikiri juu ya jambo hili. Mnazi huzaa kwa miongo mingi. Mtu aliyeuuza kwa ajili ya shughuli ya siku mbili tatu aliuza pamoja na mnazi ule chakula cha wanawe. Mombasa nako, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, akawaonya watu wa pwani juu ya kufuja mali. Maonyo yake yamekaribia kutimiza miaka mia, na masikio yetu bado yana pamba, ile ile tunayoitandaza mezani.

Watetezi wa arusi za fahari wana hoja tatu, na haki yataka nizijibu.

Hoja ya kwanza ni kwamba arusi ndogo huvunja heshima ya ukoo. Nauliza: heshima ya ukoo yakaa wapi? Kama yakaa katika utepe wa gari la kukodi, basi hurudishwa jioni pamoja na gari. Ukoo wenye heshima ni ule ambao watoto wake husoma, wazee wake hutunzwa, na mwenye kuudai hapigi hodi mlangoni pake alfajiri.

Hoja ya pili ni kwamba michango ni desturi ya umoja. Naam, umoja ni desturi yetu. Wagiriama wana mweria, yaani watu kukusanyika kumsaidia mwenzao kazi. Katika arusi za wazee wetu mmoja alileta kuni, mwingine nazi, mwingine nguvu za mikono yake. Kila mtu alitoa alichokuwa nacho. Kamati ya leo humtaka mtu atoe asichokuwa nacho. Huo ni ushuru, na jina la umoja halifai kuufunika.

Hoja ya tatu ni kwamba ndoa bila ya shughuli kubwa si ndoa kamili. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 haisemi hivyo. Yataka hiari ya wote wawili, umri usiopungua miaka 18, na mashahidi. Hata katika ndoa ya kimila inayohitaji mahari, sheria hiyo yasema kuwa sehemu ndogo tu ya mahari, iwe kama alama, yatosha kuthibitisha ndoa. Keki haikutajwa, wala magari, wala theluji.

Basi arusi njema ya Desemba ipangwe namna gani? Nitakupa kanuni moja, nayo ni nyepesi kuliko kanuni zote za hesabu: andika Januari kabla ya Desemba. Chukua karatasi, andika kwanza karo ya kila mtoto wa nyumba hiyo, sare, vitabu na chakula cha mwezi. Fedha hizo ziwekwe kando, na mtu yeyote asiziguse, hata bwana arusi mwenyewe. Kitakachobaki ndicho kiwe arusi.

Wala usidhani kuwa kitakachobaki kitakosa umaridadi. Mwezi ule ule wa joto unatupa embe, madafu na samaki. Shughuli na ifanywe jioni, jua likiisha kupoa, chini ya mwembe badala ya hema la kukodi. Bibi arusi na apambwe kwa hina na asumini mbichi, ambayo harufu yake hakuna plastiki iwezayo kuiiga. Bwana arusi na avae nguo ambayo ataweza kupumua ndani yake. Waje wapigaji wa gonda, au akina mama wa chakacha, au bendi ya bango kama uwezo upo. Mgeni wa kweli hakuja kuhesabu ghorofa za keki. Amekuja kuwaombea heri.

Huenda ukaniambia kuwa wewe bado ni mwanafunzi na huna sauti katika kamati. Nami nakwambia kuwa unayo haki kuliko wengi, kwa sababu sanduku litakalobaki kando ya mlango ni lako, au la mdogo wako. Desemba ijayo, wazee watakapokaa na daftari, wasogelee kwa adabu. Waamkie, uketi, kisha uulize swali moja tu: "Baba, karo ya Januari imekwisha kuwekwa?" Mimi siku ile sikuuliza, na hapana aliyeniuliza.