Nani Alipie Bendi ya Conor?

Dublin ya mwaka 1985 haikuwa na kazi za kuwapa vijana wake. Ukosefu wa ajira nchini Ireland ulikaribia asilimia 17, na waliohitimu walipanda meli kwenda kubahatisha maisha Uingereza. Humo ndimo mwongozaji John Carney alimoiweka Sing Street, filamu yake ya mwaka 2016. Conor anaondolewa shule ya ghali kwa sababu nyumbani fedha zimekauka, anahamia shule ya mabradha ya Synge Street, na karibu na lango lake anamwona Raphina. Anamwambia ana bendi na inatafuta msichana wa kuonekana kwenye video. Bendi haipo. Sasa inabidi aiunde.

Filamu ya namna hii inamtisha mwenye mtaji. Ferdia Walsh-Peelo, aliyemwigiza Conor, hakuwahi kucheza filamu yoyote kabla ya hapo. Ndipo linapokuja suala la fedha za umma, na Ireland imelijibu kwa kusitasita: Bodi ya Filamu ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikasimamishwa 1987 serikali ilipobana matumizi, ikafufuliwa 1993 chini ya waziri Michael D. Higgins, mshairi aliyekuja kuwa rais. Waliobana matumizi hawakuwa wajinga. Nchi inayopunguza vitanda vya hospitali ina haki ya kuuliza kwa nini igharamie mapenzi ya wanafunzi.

Jibu rahisi zaidi limo katika Once, filamu ya awali ya Carney. Cillian Murphy alitarajiwa kuwa mwigizaji mkuu. Alipojitoa, waliokuwa wameahidi mtaji nao wakatoweka. Bodi ikabaki, ikatoa sehemu kubwa ya bajeti ya takriban euro 112,000. Carney akawachukua wanamuziki wenyewe, Glen Hansard na Markéta Irglová, akapiga picha kwa siku 17 katika mitaa ya Dublin. Filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 20 duniani, na mwaka 2008 wimbo wake ukatwaa Oscar.

Hata hivyo, kuitetea bodi kwa faida ya Once ni kujitega. Filamu nyingi zinazofadhiliwa hazirudishi hata senti, na hoja ya faida ikisimama peke yake, siku ya hasara itaangusha kila kitu. Hoja yenye nguvu zaidi ni kwamba vijana wa mji maskini wana haki ya kuonekana wakijaribu. Conor na wenzake leo wanavaa kama bendi ya Duran Duran, kesho kama The Cure, na nyimbo zao zinabadilika pamoja na nguo hadi wanapoipata sauti yao. Uigaji huo wa kujifunza unahitaji muda, na soko halina subira ya kuulipia.

Lakini fedha ya wote lazima iulizwe inasimulia mapenzi ya nani. Raphina, mwenye ndoto ya kuwa mwanamitindo London, tunamwona zaidi kwa macho ya Conor. Filamu ingekuwa tajiri zaidi kama tungekaa naye peke yake. Desemba 2015, Sing Street ikisubiri kuoneshwa kwenye tamasha la Sundance mwezi uliofuata, Bodi ilitangaza mpango wa hatua sita, ikilenga kugawa ufadhili nusu kwa nusu kati ya wanawake na wanaume ndani ya miaka mitatu. Bodi ilipaswa kuanza hivyo tangu ilipofufuliwa.