Kabla hujamlipa dizaina wa logo, waulize wateja wako



Haipiti wiki bila mtu kuuliza: “Nani anajua dizaina mzuri? Nataka logo kali.” Komenti zinajaa namba za simu, mtu analipa, siku mbili baadaye anarusha logo mpya na sisi tunampongeza. Hakuna anayemuuliza swali moja tu: mteja wako akiiona hiyo logo, atajua ni wewe?

Mimi sikuulizwa, na nililipia. Ngoja nisimulie kwanza, halafu nitoe maoni yangu.

Nauza viungo kutoka Tanga: pilau masala, iliki, mdalasini, pilipili manga. Nasaga mwenyewe, nafunga kwenye vifuko, natuma kwa basi. Nilipoanza kuuza mtandaoni niliona siwezi kwenda bila logo. Nikaingia kwenye programu ya bure ya simu, nikachagua templeti: duara la dhahabu, jani la kijani katikati, na maandishi yenye mikunjo mingi kama ya kadi ya harusi. Nikabadilisha jina tu. Dakika kumi nimemaliza, nikaiweka kila mahali.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja naamka nakuta meseji zaidi ya ishirini. Mama mmoja wa Dodoma ameposti kwenye kundi la akina mama picha ya kifuko cha pilau masala, na maneno makali: masala ya zamani, ina wadudu, msinunue kwa huyu. Nikaikuza picha. Duara la dhahabu. Jani. Lakini kifuko si changu, na jina lililoandikwa pale si langu. Ila nani anasoma maandishi ya mikunjo kwenye picha ya simu? Watu waliona duara na jani, wakasema ni mimi.

Nikamtafuta yule muuzaji mwingine nikiwa na hasira, nimejiandaa kumwita mwizi. Akanijibu kwa adabu: “Dada, hii mimi niliitoa kwenye programu ya simu.” Programu ile ile, templeti ile ile. Nikakosa la kusema, maana hata mimi sikuichora. Hakuniibia kitu. Sote wawili tulivaa sare moja, halafu tukashangaa watu wanatufananisha.

Wiki tatu nzima kazi yangu ilikuwa kueleza watu. Wengine walielewa. Wengine, akiwemo mama lishe aliyekuwa akichukua kilo mbili kila mwezi, hawakurudi tena. Logo ya bure ilinigharimu hivyo.

Basi maoni yangu ni haya. Logo haikuuzii bidhaa, na haimfanyi muuzaji mdogo aonekane kampuni kubwa. Kazi yake ni kutambulisha. Mteja uliyemfurahisha jana akupate leo bila kukosea, na aliyeudhiwa na mwingine asidhani ni wewe. Logo isiyofanya hivyo ni pambo, hata iwe nzuri vipi.

Na kama kazi yake ni kutambulisha, usianzie kwa dizaina. Anzia kwa wateja.

Baada ya lile sekeseke niliwaandikia wateja wangu wa zamani kumi na watano swali moja: “Ukimwelekeza jirani anunue viungo vyangu, unamwambiaje?” Nilitegemea waseme jani, au ile dhahabu. Hakuna hata mmoja. Tisa kati yao walisema kitu kile kile, kila mtu kwa maneno yake: vile vinavyofungwa na uzi mwekundu.

Iko hivi: mwanzoni sikuwa na mashine ya kubania vifuko, kwa hiyo nilikuwa nakunja mdomo wa kifuko na kuufunga kwa uzi mwekundu wa kushonea. Mi nilikuwa nauonea aibu ule uzi, nangoja nipate hela ya mashine niachane nao. Kumbe wakati nahangaika na duara la dhahabu, wateja walishanipa logo zamani.

Leo logo yangu ni fundo jekundu, na jina chini yake kwa herufi nene za kawaida. Mashine ninayo sasa, lakini uzi bado naufunga.

Hili si jambo geni kwetu. Angalia kanga. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye watu walimjua kama Abdulla, aliziwekea kanga zake alama ya K.H.E. na maneno “Mali ya Abdulla”. Basi. Herufi tatu na maneno matatu, yakirudiwa kanga baada ya kanga, mpaka mnunuzi akajua hii ni ya Abdulla na ile si yake.

Hata hao wakubwa tunaowaiga walianza hivyo. Mwaka 1971 Carolyn Davidson, mwanafunzi wa chuo huko Portland, Marekani, aliwachorea Nike ule mkwaruzo wao uliopinda, akalipwa dola 35. Mkwaruzo wenyewe hausemi chochote kuhusu viatu. Maana ilikuja baadaye, kwa viatu vyenyewe na kwa kuurudia miaka na miaka. Nao Apple, alama yao ya kwanza ya mwaka 1976 ilikuwa mchoro wa Newton ameketi chini ya mti wa tufaha, mistari tele na maandishi pembeni. Mwaka uliofuata Rob Janoff akawapa tufaha moja tu, limeng’atwa. Kule kung’atwa kulikuwa na sababu: likichapishwa dogo, watu wasidhani ni cheri. Mtu aliwaza ikiwa ndogo itaonekanaje. Sisi wangapi tunawaza hilo kabla ya kulipa?

Sasa fanya majaribio haya manne kwa logo uliyonayo. Hayana gharama.

Jaribio la ukucha. Ipunguze iwe sawa na ukucha wa kidole gumba, maana ndivyo mteja anavyoiona kwenye orodha ya WhatsApp. Kama imekuwa doa, haifai.

Jaribio la muhuri. Itoe fotokopi nyeusi na nyeupe. Ikipotea bila rangi, hutaweza kuigongesha muhuri wala kuichapa kwenye mfuko wa kaki, na huko ndiko kwenye gharama nafuu kwa sisi wadogo.

Jaribio la simu. Mpigie mtu umweleze logo yako kwa sentensi moja, naye aichore. “Fundo jekundu” inachoreka. “Duara, ndani yake kuna jani, pembeni kuna nyota, halafu kuna mwanamke amebeba kikapu” haichoreki, na wala haikumbukiki.

Jaribio la foleni. Piga picha za skrini kurasa kumi za wanaouza kitu kama chako, zipange pamoja, weka na yako. Wauza viungo wote tuna jani. Wauza nguo wengi wana hanga, na wa vipodozi wana uso wa mwanamke ametazama pembeni. Yako ikizama humo, hata mteja wako mwenyewe hatakuona.

Namba ya simu, “tunatuma mikoani” na “ubora ndio kipaumbele chetu” viondoe ndani ya logo. Hayo ni maneno ya kwenye posti na kwenye lebo. Na zile habari za eti nyekundu inaleta njaa na bluu inaleta uaminifu, mi sizipi uzito kwenye biashara ya ukubwa wetu. Chagua rangi moja ambayo washindani wako hawaitumii, kisha usiiache.

Ukishajua unachotaka, ndipo umtafute dizaina, na hapo hela yake ni halali kabisa. Mpe neno moja au mchoro wako wa kalamu, hata kama umepinda. Akimaliza, usikubali kupewa picha ya JPG iliyotumwa WhatsApp tu. Dai faili la vekta, yaani SVG au PDF inayoweza kukuzwa hadi ukubwa wa bango bila kupasuka, pamoja na PNG isiyo na mandharinyuma, na nakala ya rangi moja. Halafu muandikishane, hata kwa meseji, kwamba amekichora mwenyewe na haki zote ni zako.

Templeti nayo ina mtego ambao wengi hatuujui. Canva, kwa mfano, wanasema wazi kwenye masharti yao kwamba logo iliyotokana na templeti zao huwezi kuisajili kama alama yako ya biashara, kwa sababu kila mtu ana ruhusa ya kuitumia. Hawajaficha, sisi ndio hatusomi. Kuchorea humo kitu chako kwa mistari na maandishi ya kawaida ni jambo jingine.

Na usajili usiuchanganye. Kusajili jina la biashara BRELA si sawa na kusajili alama ya biashara. Ni maombi mawili tofauti. Alama ikikubaliwa, kwa Tanzania Bara inalindwa miaka 7, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Zanzibar wana msajili wao, BPRA, na Kenya ni KIPI, kwa hiyo ulinzi wa upande mmoja hauvuki mpaka. Sisemi kila mtu akimbilie huko leo. Nasema chora kitu ambacho siku ukitaka kukisajili, kitasajilika.

Ukishaipata, tulia nayo. Mwanzoni mwa mwaka 2009 juisi ya Tropicana huko Marekani ilibadilisha boksi lake, ikaondoa lile chungwa lililochomwa mrija. Ndani ya miezi miwili mauzo yakashuka kwa karibu asilimia 20, wakarudisha boksi la zamani. Juisi ilikuwa ile ile, watu hawakuitambua tu. Wao walikuwa na hela ya kurudi nyuma. Wewe unayebadilisha logo kila Idi na kila Krismasi, unawapoteza wateja kimyakimya na hutajua wameenda wapi.

Najua kuna atakayesema: “Dada, mi ndiyo kwanza naanza, sina wateja wa kuwauliza.” Basi usiwe na logo kwanza. Andika jina lako kwa herufi nene zinazosomeka, rangi moja, inatosha. Halafu chagua kitu kimoja cha bei rahisi ukirudie kwenye kila mzigo: uzi, karatasi ya rangi fulani, muhuri wa mpira, namna unavyokunja. Ukishatuma mizigo hamsini, uliza. Watakuwa wameshakupa jina.

Kwa mwenye wateja, kazi ya leo jioni ni ndogo. Watumie watano lile swali: “Ukimwelekeza jirani kwangu, unamwambiaje?” Usiwape mfano, usiwasaidie kujibu. Majibu yalete hapa kwenye komenti pamoja na logo yako ya sasa, tuambizane ukweli. Pongezi tutapeana baadaye.