Mpiga gitare tuliyemfukuza

Mwezi huu nina neno linalonizuia usingizi, na mimi mwenyewe nimo ndani yake.

Kijana mmoja wa kwaya yetu, mpiga gitare, alionekana usiku katika bari moja kando ya machimbo ya zahabu. Waliomwona walisema alikuwa anapiga nyimbo za zamani za James Brown, zile watu walicheza wakati wa Zaire. Kamati ikaketi. Hatukumwuliza mengi. Tulisema gitare ya Mungu na gitare ya pombe haziwezi kushikwa na mkono mmoja. Akaondolewa, na mimi pia niliinua mkono. Wakati wa kutoka aliniambia polepole: "Papa, mi sikumuacha Mungu. Nilikuwa natafuta tu minervali ya wadogo zangu." Sikumjibu kitu.

Sisi wa umri wangu tunamjua James Brown tangu 1974. Mwaka ule, tarehe 22 mpaka 24 Septemba, kulikuwa usiku tatu za muziki mkubwa Kinshasa, katika uwanja wa 20 Mai, ule unaoitwa leo Tata Raphaël. Zilipangwa pamoja na pigano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akapasuka juu ya jicho katika mazoezi, pigano likasogezwa mpaka 30 Oktoba, lakini muziki haukungoja. James Brown alikuja, na B.B. King, na Bill Withers, na Miriam Makeba. Wetu walikuwa Franco na OK Jazz, Tabu Ley, na Abeti. Huku mashariki tulisikia tu habari kwa redio. Mimi nilikuwa mtoto wa shule, na wazazi walituambia: "Huo ni muziki wa shetani."

Hawakujua ulitoka wapi. Muziki ule wa Waamerika weusi unaitwa soul, maana yake roho, na ulizaliwa kanisani. Kiongozi anaita, watu wanaitika, mikono inapigwa, jasho linatoka. B.B. King alionyeshwa kushika nyuzi za gitare na mchungaji, kule Mississippi. James Brown alifungwa akiwa na miaka 16 kwa sababu ya wizi, na gerezani aliimba nyimbo za Mungu. Mwaka 1952 jamaa moja ya mji wa Toccoa, jamaa ya Bobby Byrd, ilisaidia afunguliwe, wakampokea kwao.

Miaka 10 baadaye, tarehe 24 Oktoba 1962, yule mfungwa alisimama katika Apollo, nyumba ya muziki ya mtaa wa Harlem, New York. Nyumba ile ilifungulia Weusi milango yake mwaka 1934. Usiku wa Jumatano hata mtu asiyejulikana aliweza kupanda na kujaribu, na watu wakimkataa, wanampigia kelele mpaka anashuka. Mkubwa wa kampuni ya sahani alikataa kulipia kurekodi muziki wa Brown pale Apollo. Brown akalipa mwenyewe dola 5.700, na sahani ile ikauzwa sana.

Sasa sikilizeni habari ya watoto wawili wa wachungaji.

Wa kwanza ni Sam Cooke. Alikuwa sauti kubwa ya Soul Stirrers, kundi la nyimbo za kanisa. Mwaka 1956 alijaribu kuimba wimbo wa dunia, lakini aliogopa watu wa kanisa hata sahani ikatoka kwa jina lingine: Dale Cook. Watu wakaitambua sauti yake vilevile. Tarehe 11 Desemba 1964 alipigwa risasi usiku katika moteli ya Los Angeles, akafa akiwa na miaka 33. Sisemi kanisa lilimwua. Nasema tu kwamba safari ile aliianza kwa kujificha.

Wa pili ni Aretha Franklin. Baba yake, C.L. Franklin, alikuwa mchungaji wa kanisa la New Bethel, Detroit. Mwaka 1960, binti akiwa na miaka 18, alikwenda kuimba nyimbo za dunia. Baba hakumfukuza, alimsaidia. Januari 1972, dunia nzima ikimjua, Aretha aliingia kanisani Los Angeles usiku mbili, pamoja na kwaya, akaimba nyimbo za Mungu. Baba yake alisimama mbele ya watu akamsifu. Sahani ile, Amazing Grace, iliuzwa kupita sahani zake zote.

Msinisikie vibaya. Bari si mahali pa kuchezea. Nimeona mchimbaji anauza zahabu yake mchana, na asubuhi mke wake anakopa makuta ya sombe. Hata James Brown alirudi gerezani mwaka 1988, akatoka 1991. Sauti nzuri haikumwokoa. Lakini katika bari ile kuna anayekunywa, na kuna anayetafuta chakula cha wadogo zake. Kamati yetu haikuwatenganisha.

Wiki iliyopita nilikwenda kwao. Mama yake alinipa kiti. Nikasema nimekuja kuomba masamaha. Kijana alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema: "Papa, gitare nimeiuza. Watoto wako masomoni." Sikuona hasira machoni mwake, na hilo lilinichoma zaidi.

Gitare ya kwaya yetu inatundikwa ukutani, hakuna wa kuipiga. Nimeomba kamati iketi tena, na safari hii yeye aketi pamoja nasi, aongee wa kwanza. Sijui wenzangu watasema nini. Mimi nitaushusha mkono wangu.

Na ninyi wasomaji, ongeeni neno hili nyumbani jioni, chakula kikiisha. Mtoto wenu akipata kazi ya usiku kwa sababu ya shida ya nyumba, je, anaweza kuwaambia? Au naye atatafuta jina lake la Dale Cook?